Shanti

Mtaa wetu unaitwa Shanti,
jina la vibanda, na kibanda hata kimoja hakuna.
Kuna geti linalojifungua lenyewe,
nyasi zinazonyweshwa hata Aprili,
mbwa anayekula nyama kumshinda mlinzi.

Miaka kumi na minane Mama Aikaruwa
alinipungia mkono juu ya michongoma.
Kisha ukuta. Juu yake vigae vya chupa.
"Si kwa ajili yako, jirani," alinipigia simu.

Sasa najua yupo kwa harufu ya mtori tu,
inayoruka bila hodi.

Jana maji yalikatika.
Nikapanda ngazi kukagua tangi:
mlima umefunguka wote, Kibo hadi Mawenzi,
na yeye juu ya tangi lake, khanga kiunoni.

Tukasalimiana kwa kunong'ona,
kama wezi.