Rekodi za Mlangoni

Ziko mlangoni, kwa chaki,
duka la mawese, Mwanga sokoni.
Mbili kwa mbili: sekunde sita.
Tatu kwa tatu: ishirini na moja,
mchemraba umetiwa tone la mawese usikwame,
ukateleza kama dagaa kiganjani.
Nne kwa nne: dakika mbili kasorobo.
Butoyi ndiye asemaye kasorobo;
pacha wake Bukuru, mshika saa, hakubali.

Tano kwa tano, hakuna namba.
Alikuwa amemaliza njano tu
honi ya treni ikalia.
Akauacha mezani, akaenda shule Tabora.

Mama kaupaka mlango rangi ya buluu,
chaki akaizunguka.
Bukuru huufuta vumbi mchemraba ule
bila kugeuza hata safu moja.
“Saa sijaizima,” anasema.