Maji Yaliyolala

Miaka thelathini na mmoja Bogumila alitia klorini
katika mitambo ya maji ya Wroclaw, zamu ya usiku,
mkono mmoja kwenye valvu, mmoja kwenye daftari:
saa saba, kipimo; saa tisa, kipimo;
mji umelala, yeye analinda matumbo yake.

Sasa ni mstaafu. Bustani yake ni namba arobaini na saba,
kando ya reli; yangu inafuata.
Kila jioni hujaza ndoo sita bombani,
huziacha wazi hadi alfajiri.
"Yalale," husema,
"yaitapike dawa niliyokuwa nikiyanywesha."

Nilicheka. Mimi fundi wa lifti, mtu wa haraka.
Mpira wangu ulitoka bombani moja kwa moja hadi shinani,
na mbolea yangu ilikuwa ya buluu, punje punje,
shanga zilizokatikiwa na uzi.
Nilianza na kiganja, nikahamia kikombe.
Na nyanya ziliitika, sitasema uongo!
Mwaka wa kwanza zilinenepa hata watu wakaja
kuziangalia, mikono nyuma,
kama wanaokagua gari jipya la jirani.
Zake zilikuwa ndogo, zimepasuka mabegani.
Hakusema neno. Alinipa mtungi wa matango ya chumvi.

Mwaka wa tatu udongo wangu ukashika ukoko.
Maji yalisimama juu yake yakiuliza njia.
Nililima mtaro mzima, nyungunyungu hata mmoja.
Nikaongeza buluu.

Ilikuwa Julai aliponiita kwa kidole.
Aling'oa mharagwe wake, akaukung'uta polepole:
mizizi imejaa vinundu.
Akakipasua kimoja kwa ukucha,
ndani wekundu, kama ufizi wa mtoto.
"Humu wanakaa wapishi. Huivua hewa, huipika,
nao mharagwe huwalipa sukari."
Tukaenda kwangu, tukang'oa wangu.
Mizizi mitupu, laini, ndevu zilizooshwa.
"Umeuletea chakula kitandani," alisema.
"Jikoni uende kufanya nini?"

Nikamuuliza, kwa uchungu wa aliyeumbuliwa:
Na wewe, mama, kwa usiku mmoja
uliwaua wangapi?

Treni ya mizigo ikapita. Alihesabu mabehewa yote.
"Mama yangu alizika ndugu wawili, homa ya matumbo,
vita vimekwisha, kisima kimoja mitaa minne.
Sijutii hata tone.
Dawa haijui jina la inayemuua.
Kujua ni kazi yetu."

Kisha, kwa sauti ya zamu ya usiku:
kwamba hufa zaidi wa tabaka la juu,
walio chini hupanda tena wakiachiwa nafasi;
kwamba siku hizi ipo dawa nyingine, king'ang'anizi,
isiyoondoka kwa kulala tu,
ndiyo maana kila ndoo yeye huitupia
ngumi moja ya mboji, "ipate cha kutafuna."

Nusu gunia la buluu bado limo bandani mwangu.
Sijalitupa. Silifungui pia.
Nina ndoo nne, moja inavuja.

Juzi, saa nne usiku, nimesahau miwani, nikarudi,
nikamkuta upande wangu wa ua,
ameinama juu ya ndoo, pua karibu iguse maji.
"Bado," alisema,
akajifuta pua, akaenda zake.