Wikio

Famau alikuwa na ushahidi wa namna tatu.
Kwanza mlango: kwenye gemu ya ngome na kwenye gemu ya mwezini
hufunguka kwa sauti moja, sauti ya mtu
anayevuta kohozi asitake kulitema.
Pili pua. Askari wa gemu zote mbili,
ukimtazama pale chini ya skrini, kati ya afya na risasi,
ana kigongo kile kile cha pua,
na akipigwa sana damu huanzia tundu la kushoto.
Ushahidi wa tatu alisema atautoa umeme ukirudi.

Haukurudi upesi. Tulikaa gizani, Langoni,
nyuma ya duka la viti vya kukodi la Aboud Shalo:
kompyuta mbili, moja haina herufi R,
jasho, harufu ya plastiki iliyopata moto,
na feni iliyosimama ikitazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Wavivu tu hao," alisema Shee. "Ukisharekodi mlango mmoja,
wa pili wa nini?"

Mwanajabu alikuja kuchaji simu, hakuja kwa ajili yetu.
Alisema: "Babangu kachonga mlango wa Bi Rukiya, Mkomani,
na mlango wa hoteli kule Shela. Ua lile lile, patasi ile ile.
Sasa yule Mbelgiji wa hoteli
ni shemeji yake Bi Rukiya?"

Tulicheka hadi Aboud akagonga meza.
Famau hakucheka. Alichana boksi la biskuti
akaandika nasaba kwa mwanga wa simu ya Mwanajabu:
askari wa mwezini bin askari wa machimboni
bin mfungwa wa ngome, aliyetoroka kwa kisu na ufunguo wa dhahabu,
na juu kabisa, shina la wote,
mtu wa gemu ya kwanza, asiye na jina wala uso,
mkono tu na bastola, ukipanda na kushuka anapotembea.
"Watu huwa ndugu," alisema, "hata aliyewatunga asipokusudia."

Mimi sikusema kitu. Mimi na Famau
tulikuwa majirani, basi. Ndivyo nilivyofunzwa kujibu.
Nyumba yao na yetu zinatazamana, katikati kichochoro
ambamo punda wawili wenye mizigo hawapishani,
na juu ya kichochoro liko wikio.
Zamani wanawake walivuka humo na sinia la mkate wa mofa
bila kushuka, bila kuvaa buibui.
Kisha ikaja mirathi, shamba moja la minazi, wakili, kadhi,
na upande wetu ukajengwa ukuta.
"Majina yamefanana tu," mama husema.
Shee angempa mkono.

Kwenye gemu zile kuta zina siri.
Unajibandika ukutani, unasogea, unabonyeza, unabonyeza,
askari anaguna, hm, hm, kwa kila jiwe lisilo kitu,
mpaka moja lirudi nyuma.

Mama alikwenda Matondoni matangani.
Famau akapanda kwetu mara ya kwanza, viatu mkononi,
akaweka kiganja kwenye chokaa,
akasogea, hm, akasogea, hm,
nami nyuma yake, kwa aibu kidogo, hm.
Chokaa ilitumwagikia. Ukuta haukurudi nyuma hata unywele.

Lakini ng'ambo ya pili mtu alivuta kohozi,
pole pole, asitake kulitema.
Ni bibi yake, ambaye miguu ilikwisha kufa,
ambaye sikuwahi kujua kitanda chake kiko wapi.

"Mlango," alinong'ona Famau.
Nikapangusa vumbi puani, pale kwenye kigongo,
nikamwambia ashuke, mama yu njiani.
Ushahidi wa tatu hajautoa mpaka leo.