Udongo Usiokunywa

Kabla ya nyumba, shimo.
Upana sentimita thelathini, kina arobaini,
kingo zimenyooka kama za sanduku.
Nimelichimba kwa sepetu ya marehemu baba
katika konde ambalo bado linaitwa kwa jina lake,
kwa sababu fomu, ukurasa wa tisa, inauliza:
udongo wako unakunywa?

Sikujua kwamba udongo nao huhojiwa.
Nilidhani nitahojiwa mimi.

Nami nilihojiwa. Nakala sita za ramani.
Cheti cha ubatizo. Barua ya mwalimu mkuu
kwamba nilikalia dawati lake miaka minane.
Bili ya umeme ya mama. Kisha, kwa aya moja,
haja yangu ya kuishi hapa.
Niliandika: nayajua malango yote kwa milio yake.
Nikafuta.
Nikaandika: kumtunza mzazi.
Konde lilikwisha kunikubali;
kilichobaki ni kibali.

Ombi la kwanza lilirudi bila kusomwa:
mchoro haukuwa na mshale wa kaskazini.
Bi. Attracta Gilrane wa ofisi ya kaunti,
aliyenifunga kamba za viatu siku ya komunyo yangu,
alinitazama kupitia kioo cha dirisha lake
kana kwamba nimeshuka kutoka mwezini.
"Kaskazini, Majella," akasema. "Hawawezi kubahatisha."

Ndiyo maana tangazo langopo mwetu ni la manjano.
La kwanza lilikuwa jeupe.
Anayeomba tena upesi hupewa manjano,
na magari yanapunguza mwendo kulisoma,
hata ya watu waliolisoma jana.
Hubert McTiernan alishusha kioo cha trekta:
pingamizi ni yuro ishirini, akasema,
naye hana ugomvi nami wa bei hiyo.

Juzi akaja mhandisi, Proinsias Keaveney,
na ndoo, saa, na rula ya chuma.
Tukalijaza shimo asubuhi, tukalijaza tena jioni:
kanuni inataka ardhi ishibishwe kwanza,
ndipo ipimwe kiu.
Akaenda zake. Mvua ikanyesha, ikaacha, ikanyesha.

Saa nane za usiku niliona tochi kondeni.
Mama. Gauni la kulalia, buti za baba,
magoti yote mawili kwenye matope,
anachota maji shimoni kwa upawa wa supu
na kuyamwaga kwenye beseni,
taratibu, bila kumwaga kando,
kama mtu anayemlisha mgonjwa kinyumenyume.
"Nalisaidia," akasema, hakuinua kichwa.

Ningemwambia kwamba litajazwa upya asubuhi.
Ningemwambia kuhusu tope la mfinyanzi,
hili lililowaozesha viazi watu wetu wote,
linavyoshika kila kitu na kutokiachia.
Nilichukua tochi, nikammulikia.

Asubuhi Proinsias alisimama juu ya shimo muda mrefu.
Ukingoni palikuwa na vibonde viwili vya mviringo,
vidogo, vya magoti ya mtu mzee.
Hakuuliza. Alijaza maji hadi alama,
akabonyeza saa, akachuchumaa.

Robo saa. Nusu saa.
Kunguru wa Hubert walikuja, wakatuona, wakaondoka.
Saa nzima, na maji yalikuwa yameshuka milimita nne.
Mimi ningesema tatu.

Mama akaja na chai kwenye kikombe cha wageni,
kile chenye ukingo wa dhahabu uliofifia.
"Usiku," akamwambia, "lilikuwa na kiu zaidi."

Proinsias alitazama rula, akatazama buti zake mama.
Akaandika nne kwenye daftari
na kuikokotea duara.
Kisha akanywa chai yote, palepale, bado ya moto,
akakipindua kikombe juu ya nyasi
ili mama aone mwenyewe
kwamba hapakubaki hata tone.