Madhumuni ya Mkopo

Kirumba, saa nne asubuhi, fomu ina kurasa sita.
Nyanzobe, afisa mikopo,
anapuliza ncha ya kalamu kana kwamba wino una homa.
"Mwaka wa kutengenezwa?"
Tisini na mbili.
Anainua macho. Yeye kazaliwa tisini na sita.
"Mama Sayi, hili gari ni dada yangu mkubwa.
Chama hakikopeshi kwa gari lililopita miaka kumi na tano.
Ukishindwa, tupige mnada nini? Kutu?"

Basi tukaweka kiwanja cha Buswelu,
ishirini kwa thelathini, na mawe matatu
ambayo hakuna mwizi wa kuyabeba
wala mnunuzi wa kuyataka.

Mimi napima barafu. Miaka kumi na tisa
nahesabu vibonge vinavyoshuka kwenye boti za sangara,
na kuhusu uzito najua kitu kimoja:
kilichopimwa asubuhi, jioni ni pungufu.
Deni halina tabia hiyo.
Milioni tisa, riba moja na nusu kwa mwezi,
miezi thelathini na sita:
laki tatu themanini na tano elfu kila tarehe ishirini na nane,
jua liwake, ziwa lichafuke, samaki wagome.
Nilipiga hesabu nyuma ya stakabadhi, mara mbili,
halafu mara ya tatu kwa kidole, hewani,
kama mtu anayetafuta jibu jingine.

Lugwisha, muuzaji, hakunidanganya sana.
Alisema gia ya tatu ina kiburi.
Alisema taa ya kulia haifumbuki.
Nikamwambia, washa.
Juu ya boneti likaibuka jicho moja, la kushoto, polepole,
kama kiboko anayechungulia ufuko wa Kayenze
kabla hajaamua.
Viti viwili tu. Injini iko nyuma,
imebebwa mgongoni kwa mbeleko ya bati,
inalia, inanyamaza, inalia.
Wekundu wake umepauka, nyanya ya juzi.
Milioni kumi na nne. Tano ninazo.

"Madhumuni ya mkopo," anasoma Nyanzobe, mstari wa kumi na moja.
Mstari huo tunafahamiana.
Niliwahi kuujaza: bati.
Niliujaza: ada, ada, ada.
Mwaka ule wa Bugando niliujaza: matibabu,
na marejesho yakaendelea miezi ishirini
baada ya mgonjwa kuzikwa.
Hakuna aliyeniuliza ya nini.
Kukopa harusi, wanasema, kulipa matanga.
Mimi nilianza na matanga.

Nikaandika: gari.
"La biashara?"
La kuendesha.

Wadhamini watatu, ndivyo kanuni inavyotaka:
wifi yangu Kwandu, Lushinge wa boti, Mwalimu Bituro.
Walitia sahihi wakicheka,
kisha kila mmoja akauliza atakaa wapi.
Watu wanne tumetia shingo zetu
kwa gari la watu wawili, ikabidi tupange zamu za Jumapili.
Kwandu huvaa miwani ya jua, na chini yake hufumba macho.
Mwalimu hung'ang'ania mlango akitaja mwendo kwa sauti,
sitini, sabini, themanini na tano,
kama anayeita mahudhurio.
Lushinge ameshapita dhoruba mbili bila koti la kuokolea.
Katikati ya daraja la Busisi,
maji huku, maji kule, gia ya tatu imekubali,
hakusema kitu.
Tulipofika ng'ambo alisema neno moja:
"Rudia."

Huu ni mwezi wa saba. Stakabadhi nazilaza chini ya kiti;
zimebaki ishirini na tisa.
Taa ya kulia bado imelala.
Fundi anataka laki mbili na nusu kuiamsha,
nami nimemwambia asubiri, tarehe yangu ni keshokutwa.
Kwa hiyo usiku tunarudi hivyo hivyo, jicho moja,
Makongoro hadi Pasiansi,
na bodaboda wanaokuja mbele yetu wanadhani ni mwenzao,
wanasogea katikati, wanapunga mkono,
ndipo ghafla wanauona upana wetu.