Robo ya Robo

Wembe ni ule wa marehemu Anselmo,
wa kunyolea ndevu za Jumapili.
Sasa unakata kidonge kisichozidi punje ya dengu
juu ya kisahani cha buluu, dirishani,
Covilhã ingali imelala
na theluji ya mlimani inamulika kuta kama taa ya hospitali.

Nakata nusu. Nusu nakata robo.
Robo nayo nairudia, na vumbi lake jeupe
nalilamba kidoleni, maana hata vumbi
lina hesabu yake katika daftari la daktari.

Wiki tatu, alisema yule wa kwanza,
mwaka kiwanda cha sufu kilipofunga malango.
"Upate usingizi tu, Dona Deolinda."
Wiki tatu zikazaa miaka kumi na tisa.
Yeye akastaafu, akafa, akazikwa vizuri,
nami nikabaki na cheti chake kikijirudia.

Niliwahi kuacha ghafla, kwa kiburi.
Nikamwaga chupa nzima kwenye sinki,
nikawa shujaa siku mbili na nusu.
Siku ya tatu Graciete alinikuta sakafuni,
ulimi umejeruhiwa, kabichi inaungulia jikoni.
Sitaki kusimulia zaidi ya hapo.

Daktari mpya, kijana, kucha kazitafuna mpaka nyama
(nilimpenda kwa hilo), aliniuliza kazi yangu ya zamani.
Mfumaji, nikasema. Miaka ishirini na sita mtamboni.
"Basi unajua sweta halifumuliwi kwa kulivuta.
Ukivuta, uzi unafunga mafundo."
Akaandika: miezi kumi na minne. Labda kumi na minane.
"Pakiwa pabaya, tunasimama. Kusimama si kurudi nyuma."

Haba na haba hujaza kibaba.
Nani aliwahi kutunga methali ya kukipunguza?

Saa kumi alfajiri hofu inakuja.
Haigongi. Ina funguo zake,
kama msimamizi wa zamu ya usiku, Baltazar,
aliyepita nyuma ya migongo yetu bila viatu vyake kulia.
Inauliza: gesi umefunga? Moyo ndivyo unavyodunda?
Na binti yako, mbona kimya tangu jana?
Ngozi inatambaa. Kijiko kikigusa kikombe
ni kengele ya kanisa ndani ya jino.
Ukuta unapumua. Najua ukuta haupumui.
Najua, na unapumua.

Zamani mkono ungejua njia ya droo.
Sasa naweka nyayo kwenye vigae baridi,
nahesabu kwa sauti kitambaa cha mwisho nilichofuma:
kijivu mbili, nyeusi moja,
kijivu mbili, zambarau moja,
kijivu mbili,
mpaka hofu ichoke kusimama.
Siku nyingine haichoki.
Siku nyingine nalia tu hadi mwokaji afungue duka.
Naiambia: wewe si unabii. Wewe ni deni,
nakulipa kwa sarafu za shaba, kaa kwenye foleni.

Mwezi wa sita tulisimama wiki tano.
Abílio wa duka la dawa hakuniuliza hali.
Alinivutia kiti.

Mwezi wa tisa nikamlilia Anselmo.
Ana miaka saba kaburini; mazishini nilisimama mkavu,
watu wakanisifu kwa uimara.
Kumbe msiba ulikuwa ukingoja zamu yake,
koti mkononi, nyuma ya mlango wa kidonge.
Ulipoingia nilitambua harufu: sabuni ya ndevu,
tumbaku, sufu iliyolowa.
Nikaukaribisha. Tukakaa hadi kukakucha.

Leo kipande ni kidogo, nakitafuta kwa miwani.
Jana nililala masaa matatu mfululizo.
Si mengi. Lakini yalikuwa yangu,
na ndani yake mbwa wa jirani aliniuma kisigino;
nikaamka nikijipapasa mguu,
nikicheka peke yangu gizani.