Nyuma ya Mstari wa Njano

Barua mbili ziko juu ya cherehani ya mama,
moja ya Izmir, moja ya Hyderabad,
na umeme umekatika tangu alasiri.
Nazisoma kwa tochi ya simu. Asilimia kumi na moja.

Hyderabad wanasema: njoo, wiki sita,
koti jeupe utalipata siku ya kwanza,
wiki ya pili utashika sindano,
ya tatu utashona.
Neno *utashona* wamelipiga wino mzito,
kama bei ya kanzu wiki ya Idi.

Izmir wanasema miezi kumi.
Kemia, lugha yao, halafu kemia tena.
Wodini utaingia Alkhamisi, saa mbili tu,
nyuma ya mstari wa njano.
Hutagusa mtu.
Wamelirudia mara tatu hilo,
mpaka kaka yangu Shaame akacheka:
"Unakwenda kusomea udaktari
au kulinda geti?"

Baba hakuuliza ipi bora.
Aliuliza viza shilingi ngapi,
na baridi je,
na nyama yao nani kaichinja.
Mama akashusha kopo la maziwa ya unga,
noti za upatu zimekunjwa humo kama sambusa,
akahesabu, akanyamaza, akahesabu upya.
Zinatosha wiki sita.
Miezi kumi, labda, na kikuku cha bibi.

Mimi namfikiria Linnea.

Alikuja kituo chetu cha Kangagani mwezi wa sita,
yeye na wenzake wanne,
koti lake bado lina mikunjo ya sanduku.
Alichagua kati yetu na Nepal, aliniambia.
Sisi tulikuwa na bahari.

Nilikuwa mdomo wake.
Vuta pumzi, bibi. Toa.
Inauma wapi? Tangu lini?
Nikajiona mkubwa, wallahi,
mtoto wa skuli, kidato cha tano,
maneno ya wagonjwa yanapita kwangu
kama maji kwenye mpira.

Siku ile Khatibu wa Bikombo alikanyaga chupa.
Nje foleni ilifika kwenye mnazi wa pili.
Linnea akamuuliza Bi Moza: naweza?
Bi Moza, tangu alfajiri hajakaa, akasema haya.

Mama wa mtoto akanishika mkono:
"Huyu ni daktari?"
Nikatafsiri.
Linnea akajibu, taratibu, neno kwa neno:
mwambie mimi ni mwanafunzi, sijawahi.

Nami nikafupisha.
Nikasema: ndiyo.

Nyuzi nne. Mkono wake ulitetemeka,
wangu ulikuwa imara, nimeushika mguu.
Khatibu anakimbia siku hizi, hana neno.
Lakini akivua ndara mlangoni kwetu
naliona kovu, limepinda,
kama herufi ya mtoto wa darasa la kwanza.
Wengine wanaona kovu la Linnea.
Mimi naona la kwangu.

Baadaye alinitumia kijitabu cha chuo chao.
Kituo chetu kimo, rangi zimekolezwa.
Mimi nimo pia: nusu bega, na ncha ya mtandio.

Basi usiku huu nimekifungua kijitabu cha Hyderabad,
sikusoma chakula, sikusoma malazi.
Nimetafuta bega.
Nimelipata ukurasa wa tisa,
binti amekatwa sikioni na ukingo wa picha,
kinywa wazi, katikati ya neno.
Ewe dada, ulikuwa unasema nini?
Umefupisha wapi?

Asilimia tatu.
Kesho ndiyo mwisho wa kujibu.
Nimewaandikia Izmir, si kukubali, bado,
swali tu:
nikisimama nyuma ya mstari wenu,
mgonjwa anaambiwa mimi ni nani?

Simu ikazimika. Sijui kama limekwenda.

Kutoka gizani, sauti ya mama,
na kikuku kikigonga bati la kopo:
"Umeshachagua?"

"Nasubiri jibu, mama."

"La wao au la kwako?"